Sampu, krosimemba au maunti: kipi cha kubadilishwa injini mpya isipoingia kwenye gari la zamani

Mwenye Corolla KE70 anayetaka kuiondoa injini ya 4K, yenye sentimita za ujazo 1290, na kuweka 4A-FE iliyotoka kwenye gari lililoletwa kutoka Japani, huanza kwa kuuliza bei ya injini, halafu bei ya giaboksi. Swali la nafasi huja baadaye, injini ikiwa tayari inaning'inia kwenye mnyororo na fundi ameinama chini ya gari akisema kwamba sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, inakalia krosimemba, mhimili wa chuma unaokatiza chini yake. Hapo ndipo grainda huwashwa kabla watu hawajakubaliana kitakachokatwa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo, na umemlenga mwenye gari aliye Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma, ambaye gari lake litapanda Mau Summit likiwa na mzigo na kupita barabara za murram, na ambaye fundi wake ana grainda, mtungi wa gesi na uzoefu mkubwa lakini si lazima awe na mashine za kiwandani.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: sehemu ya kwanza kuguswa iwe ile inayofunguliwa kwa spana na inayopatikana tena kwa muuza vipuri vya mtumba, na ya mwisho iwe ile inayobeba magurudumu na usukani. Zipo hali zinazolazimisha mpangilio huo ubadilike, nami nitazitaja, lakini ni chache kuliko mafundi wengi wanavyodai.

Kupima kabla ya kuchagua

Njia zote hulinganishwa vibaya kama mahali panapogusa hapajulikani sawasawa. Fundi makini huingiza bloku tupu, isiyo na pistoni wala krenki shafti, ikiwa imefungwa sampu, silinda hedi na giaboksi, kwa sababu bloku tupu inaweza kuinuliwa na watu wawili na kusogezwa mara nyingi bila hatari. Huitegemeza kwa vipande vya mbao hadi propela shafti, fimbo inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ikae kwenye mstari wake, kisha hubandika udongo laini wa kuchezea watoto kwenye krosimemba, kwenye raki ya usukani na nyuma ya hedi. Udongo ukibonyezwa huonyesha kwa milimita kiasi gani kinakosekana, na mara nyingi tatizo lililoonekana kuwa kubwa huwa ni kona moja ya sampu au kichwa kimoja cha bolti.

Kutogusana peke yake hakutoshi. Injini hukaa juu ya mpira wa maunti, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye gari, na hujipinda kila dereva anapoachia klachi kwa nguvu. Kwa hiyo nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati yake na chuma kisichosogea ndiyo ninayoiona kuwa salama. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Rover Series, kipimo kichukuliwe ekseli ikiwa imepandishwa hadi kwenye mipira inayoizuia isigonge chasisi. Land Rover iliyoegeshwa kwenye sakafu tambarare huonyesha nafasi kubwa chini ya sampu, lakini nafasi hiyo huliwa yote kwenye shimo la kwanza, na difu ya mbele, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli, ambayo kwenye Series iko upande wa kulia, huinuka pamoja na ekseli.

Sampu ya ndugu yake

Kabla ya kukata chochote, tafuta kama kiwanda chenyewe kiliwahi kutengeneza sehemu unayoihitaji. Njia hii hudharauliwa kwa kuwa haina kazi ya kuonyesha ustadi, ila kwangu ndiyo inayoshinda nyingine zote pale inapowezekana. Injini za familia ya 4A ziliwekwa kwenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele na pia kwenye yale ya magurudumu ya nyuma. Corolla AE71, ndugu wa KE70, ilitoka kiwandani ikiwa na 4A-C iliyolazwa kwa urefu wa gari. Kwa hiyo sampu na bomba lake la kunyonyea oili, pamoja na krosimemba yenye mahali pa kufungia maunti za injini hiyo, ni vitu vilivyokwisha kubuniwa na wahandisi waliokuwa na muda wa kuvijaribu. Anayepata krosimemba nzima ya AE71 na sampu ya injini ya magurudumu ya nyuma amepita sehemu kubwa ya kazi bila cheche moja ya moto.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayeitoa injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 kwenye Land Rover na kuweka dizeli ya Toyota 3L. Injini hiyo iliwekwa kwenye Hiace na kwenye Hilux, na magari hayo hayakuvaa sampu za umbo moja, kwa kuwa kilichokuwa chini ya injini kilitofautiana. Kuchukua injini ya Hiace jinsi ilivyo na kuanza kuikata, ilhali sampu ya Hilux ingeweza kukaa vizuri zaidi, ni kujipa kazi. Muuza vipuri aulizwe kwanza, tena aulizwe kuhusu vitu vitatu kwa pamoja: sampu, bomba la kunyonyea na kijiti cha kupimia oili. Sampu bila bomba lake ni nusu ya mali, na kijiti cha sampu nyingine kitakudanganya kila asubuhi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea bahati. Kwa Toyota na Nissan vipuri hivyo husafiri, na kinachokosekana Nakuru huletwa kwa basi kutoka Nairobi. Kwa injini ambazo hazikuwahi kukaa kwenye gari lenye umbo linalofanana na lako, hakuna ndugu wa kumwendea.

Kuikata sampu

Hapa ndipo wengi wataishia, na ndipo tofauti kati ya kazi nzuri na mbaya ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Sampu ya bati la chuma hukatwa, hukunjwa na kuchomelewa kwa gesi na fundi yeyote mzuri wa jua kali. Sampu ya alumini ya kusubu ni jambo jingine: inahitaji mashine ya kuchomelea ya TIG yenye gesi ya agoni na mtu anayeijua, na alumini iliyokaa ndani ya oili kwa miaka mingi hutoa vitundu kwenye mshono isiposafishwa hadi ndani ya nyufa zake. Kama injini yako ina sampu ya alumini na hakuna mwenye TIG anayeaminika karibu, uzito wa hoja unahamia kwenye njia nyingine.

Jambo la kwanza la kukokotoa ni oili inayopotea. Tuseme sampu inainuliwa sentimita 4 kwenye eneo lenye urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 20. Hizo ni sentimita za ujazo 2000, yaani lita 2 kamili, na kwa injini ndogo hiyo inaweza kuwa zaidi ya nusu ya oili yote. Oili iliyopungua hupata joto haraka, na kwenye mteremko wa Nandi au kona za Kericho hukimbilia upande mmoja na kuliacha bomba la kunyonyea likivuta hewa. Lita hizo zirudishwe kwa kuongeza mfuko pembeni: kisanduku chenye upana wa sentimita 8, urefu wa sentimita 25 na kina cha sentimita 10 kinarudisha zile lita 2, mradi kikae chini ya usawa wa oili na kisikae kwenye njia ya ekzosi. Ndani yake uwekwe ubao wa bati wenye matundu, ili oili iingie kwa urahisi lakini isitoroke yote gari linapokata kona.

Bomba la kunyonyea hufuata sakafu mpya. Kama sakafu imepanda sentimita 4, bomba nalo lifupishwe kiasi hicho hicho, na chujio libaki milimita 8 hadi 10 juu ya bati. Likikaribia mno, linajiziba. Likiwa mbali mno, linavuta hewa kila breki inapokanyagwa. Kiungo cha bomba hilo kichomelewe kwa shaba na kupimwa, kwa sababu ufa mdogo kama unywele upande wa kunyonya hautoi tone la oili sakafuni. Huingiza hewa tu, na dereva huona sindano ya presha ikicheza bila sababu hadi beringi za krenki zinapoanza kugonga.

Mdomo wa sampu, ule ukingo wenye matundu ya bolti, hupindika kwa joto. Fundi anayejua kazi hufunga sampu kwenye bloku mbovu iliyotupwa, kwa bolti zake zote, ndipo anachomelea vipande vifupi vifupi akiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuiacha ipoe ikiwa bado imefungwa. Bloku mbovu ya namna hiyo hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu, na sioni sababu ya gereji ya kubadilisha injini kutokuwa nayo. Baada ya hapo mshono hupakwa chaki kwa nje na sampu hujazwa mafuta ya taa usiku kucha; asubuhi kila kitundu kimejichora chenyewe kwenye chaki. Mwisho, sampu ikiwa imefungwa kwenye injini kamili, krenki izungushwe kwa mkono mara mbili nzima kusikiliza kama konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inagusa bati au bomba.

Kuna gharama moja ambayo hulipwa barabarani. Mfuko wa pembeni na kona mpya hukaa mahali ambapo kiwanda hakikutarajia. Kwenye barabara za mashamba ya miwa za Chemelil, Muhoroni na Mumias, ambako matrekta huchimba mifereji miwili na kuacha tuta gumu katikati, sehemu yoyote iliyo chini kuliko krosimemba itapigwa. Kwa hiyo sakafu ya sampu isishuke chini ya krosimemba hata kidogo, na bati nene la kinga lifungwe chini yake.

Kuikata krosimemba

Krosimemba ni ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini. Kwenye KE70 ndio unaobeba mikono ya chini ya magurudumu pamoja na maunti za injini. Kwenye Peugeot 504 ndio unaobeba raki ya usukani. Anayeukata anagusa mambo hayo yote kwa wakati mmoja.

Wanaoitetea njia hii wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Injini inabaki kama ilivyotoka kiwandani, ikiharibika inabadilishwa na nyingine ya aina ile ile bila kutengenezewa sampu upya, na oili haipungui. Kwa gari la kazi litakalomaliza injini mbili au tatu, hilo ni jambo la maana. Zaidi ya hayo, kuchomelea chuma kinene ni kazi rahisi kuliko kuchomelea bati jembamba lisilotakiwa kuvuja.

Lakini mhimili wenye umbo la sanduku hupata nguvu zake nyingi kutoka kwenye uso wake wa juu na wa chini, na ili injini ipate nafasi ni uso wa juu unaokatwa. Ukiondoa sentimita 4 za juu za mhimili wenye kimo cha sentimita 8, umeupunguzia uimara kwa kiasi kikubwa kuliko nusu, kwa sababu ukakamavu wa mhimili hushuka haraka sana kimo chake kinapopungua. Kuziba pengo kwa bati bapa hakurudishi kilichopotea. Kinachokubalika ni kuingiza nusu ya bomba nene lililopasuliwa, kulichomelea pande zote hadi ndani, kisha kuongeza bamba chini ya mhimili linaloenea mbali kupita ncha za mkato. Kabla ya kukata, mahali pa kufungia mikono miwili pachomelewe kipande cha chuma cha muda kinachoishikilia isisogee, la sivyo joto litaivuta na matairi ya mbele yataanza kuliwa upande mmoja hata baada ya kupimwa wheel alignment mara kadhaa.

Mhimili uliochomelewa vibaya hauvunjiki siku ya kwanza. Ufa huanza ukingoni mwa mshono, pale chuma kilichopata joto kinapokutana na kisichopata, na hurefuka polepole kwa kila tuta la barabarani. Kwenye gari linalobeba watu, sampu iliyopasuka huharibu injini. Krosimemba iliyopasuka huondoa gurudumu mahali pake. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niiweke njia hii nyuma, hata nikijua kwamba kazi yake ni rahisi zaidi. Kuna pia suala la thamani. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na wapo wanaozitafuta zikiwa kamili. Sampu ya asili inaweza kuwekwa rafuni pamoja na injini yake na kurudishwa siku moja, lakini krosimemba iliyotobolewa huonekana na kila mnunuzi anayelala chini ya gari.

Kuisogeza injini

Wakati mwingine hakuna kinachohitaji kukatwa. Milimita 10 za bamba la chuma chini ya kila maunti, au maunti mpya zilizotengenezwa kuirudisha injini nyuma kidogo, humaliza ugomvi wote. Ni njia ya bei nafuu na inayoweza kurudishwa nyuma, na kwa upungufu mdogo ninaiweka mbele ya kuikata sampu. Vipande vya tairi kuukuu, ambavyo vimezoeleka kwenye kazi za haraka, havifai: hubonyea, injini hushuka, na ile nafasi hupotea kwa njia isiyoonekana. Tumia chuma, na bolti ndefu zaidi zenye ugumu ule ule.

Kikomo chake ni propela shafti. Shafti inayotoka giaboksini na ile inayoingia kwenye difu zinatakiwa ziwe sambamba, zikitofautiana kwa takriban digrii moja tu, na kila kiungo cha propela kisipinde zaidi ya digrii 3 au karibu na hapo. Ukiinua injini mbele bila kuinua giaboksi, utasikia mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani na ambao mafundi watautafuta kwenye matairi. Kwenye 504 kuna kizuizi kingine, kwa kuwa giaboksi na difu vimeunganishwa kwa bomba gumu lenye shafti ndani. Kuirudisha injini nyuma kunamaanisha kulifupisha bomba hilo na shafti yake kwa mashine ya kukereza. Halafu injini ya petroli ya 504 imelala kwa digrii 45 upande wa kulia. Injini iliyosimama wima ikiwekwa mahali pake inapata nafasi ya kutosha pembeni na inakosa kimo, hivyo kuiinua ni kuipeleka kwenye boneti.

Kwenye KE70, kurudi nyuma kunazuiwa na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Mabomba ya maji na distributa vinavyotokea mwisho wa hedi ya injini za magurudumu ya mbele hukutana na ukuta huo. Kubadilisha mfuniko wa maji kwa ule wa magurudumu ya nyuma ni bora kuliko kuupiga ukuta kwa nyundo, ingawa kuukunja ukuta kidogo kwa nyundo, bila kuukata, si kosa la kumnyima mtu usingizi.

Sehemu ndogo

Chujio la oili linalogusa chasisi huhamishwa kwa kipande cha katikati na mipira miwili ya presha, na mipira hiyo iwe ya oili ya injini kweli, si ya maji. Manifoldi ya ekzosi ikigusa shafti ya usukani, tengeneza manifoldi nyingine; kuipiga bomba lake hadi libonyee kunakubalika kwa milimita chache tu. Feni ya injini isipoacha nafasi ya rejeta, feni ya umeme inayovuta hewa kutoka nyuma ya rejeta ni bora kuliko inayosukuma kutoka mbele, na kwa joto la Kisumu tofauti hiyo huonekana kwenye foleni. Boneti ikiguswa, kuikata tundu ni rahisi na huonekana kwa kila mtu. Mimi ningeshusha kwanza kisafisha hewa.

Nani achague nini

Kwa KE70 na injini ya 4A, sioni sababu ya kukata chochote kabla ya kuzitafuta sehemu za AE71 kwa bidii. Zikikosekana kabisa, sampu ya chuma ikatwe na krosimemba iachwe. Kwa Land Rover ya shambani yenye 3L, anza na sampu ya Hilux, pima ekseli ikiwa juu, na kama bado inagusa difu, inua injini kwa milimita chache, kwa kuwa Land Rover ina kimo cha kutosha chini ya boneti. Kwa 504 ninashauri mtu afikirie mara mbili kama kuifanyia matengenezo kamili injini yake ya asili hakutamgharimu pesa chache zaidi, ukihesabu bomba la propela, maunti na sampu. Krosimemba ninaikubali ikatwe pale ambapo sampu ni ya alumini isiyochomeleka, hakuna sampu ya ndugu, injini haiwezi kusogezwa, na mchomeleaji ni mtu ambaye umeona kazi yake ikidumu kwenye magari mengine.

Njia yoyote itakayochaguliwa, namba ya injini mpya iombewe mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, ili iliyo kwenye logbook ilingane nayo, na risiti ya ununuzi wa injini iwekwe vizuri tangu siku ya kwanza. Gari lipelekwe kukaguliwa likiwa limekwisha kuendeshwa kwa majuma machache, sampu ikiwa imeangaliwa tena kwa tochi kwenye kila mshono na bolti za maunti zimekazwa upya, kwa kuwa mpira mpya wa maunti hukaa chini kidogo baada ya kuzoea uzito.